Kamera Yangu Haiingii Maji

Leo nimeaibika jameni. Si aibu ya kuteleza kwa matope, hiyo nimezoea. Nimeaibika mbele ya kanisa zima hapa Kisumu Ndogo, nikiwa nimesimama ndani ya maji.

Mnaijua kamera yangu. Ile nimewachosha nayo: haiogopi vumbi, haiogopi kuanguka, haiingii maji. (Aliyeniuzia aliapa. Mimi ni nani nibishane na mtu ameapa?) Kifuniko cha betri kilivunjika kitambo, lakini nilikibana na selotepu. Fundi ni mimi mwenyewe, Musyoka wa Kawangware.

Sasa, leo Mama Atieno alikuwa anabatizwa. Mamake yuko Siaya, mzee, hawezi safari, na ameomba miaka mingi huyu binti aokoke. Alitaka kitu kimoja tu: picha ya mtoto wake akitoka majini. Basi wakaita mtaalamu, yaani mimi.

Mtaalamu akaanza kwa kupiga marufuku simu. "Wekeni hizo vitu kwa mfuko, mnaniharibia kazi!" Watu wakatii, maskini.

Kanisa hubatizia kwa bwawa la plastiki huko nyuma. Nikavua viatu, nikaingia. Pasta akashtuka.

"Musyoka, na kamera?"

"Pasta, kuwa na imani." (Yaani mimi ndiye namfunza pasta imani!)

Mama Atieno akazamishwa. Nami nikazamisha kamera, nimpate vizuri akiinuka. Selotepu ikabanduka. Kioo kikawaka buluu, kikazima kabisa. Wueh! Mama akaibuka mikono juu, uso umejaa furaha, na mimi nyuma yake nimeinua kamera naikung'uta, macho mbinguni, machozi yananitoka. Halafu nikafanya kile mwanaume hufanya akishindwa. Nikaiga mlio wa kamera kwa mdomo: "Chak! Chak!"

"Nione," Mama Atieno akasema. Nikaigeuza. Maji yakamwagika kutoka kwa lenzi.

"Musyoka, mtu hubatizwa mara ngapi?"

Alianza kulia, na haki ya nani nilitamani hilo bwawa linimeze.

Ndipo Mama Akoth, yule muuza dagaa wa omena, akainua mkono. "Mnisamehe. Mimi nilipiga moja." Simu yake imepasuka kioo, imefungwa na rababendi, na kila asubuhi huanguka kwa beseni ya omena. Picha ilikuwa safi! Hadi matone ya maji ungehesabu.

Ikatumwa Siaya. Simu ikalia papo hapo, ikawekwa spika. Nyanya kule Siaya alilia, akamshukuru Nyasaye, Mungu wake, akambariki bintiye. Kisha akauliza, "Na huyo kijana mwembamba hapo nyuma, analia na mikono juu, pia yeye ameokoka leo?"

Kanisa likaniangalia. Pasta akaniangalia.

"Ameguswa, Mama," Pasta akajibu. "Anaanza darasa Jumapili."

"Amina!" kanisa likapasuka.

Kamera sasa imezikwa kwa debe la mchele ikauke, na jina langu liko kwa orodha ya ubatizo. Msicheke. Ombeni angalau mmoja wetu apone.