Kupitia kwa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi ya mzee wa kanisa iko wazi! Tuko wawili tunaoitaka: mimi, karani wa masijala kwa miaka kumi na tisa, na jirani yangu seremala. Sharti la kwanza: mtu awe anaisimamia vyema nyumba yake, na watoto wake wawe na utii. Mchungaji atatutembelea Jumamosi ajionee kwa macho yake. Seremala hana presha. Wanawe watatu wakiona mgeni husimama wima kama miguu ya meza. Mimi nina binti mmoja, miaka minane, tunamwita Chiriku, na hatukukosea. Leo nimemwambia anyamaze. Ameniuliza anyamaze mpaka saa ngapi. Kusema kweli, ni swali zuri.

Jumanne, 4 Machi

Dawa nimeipata! Nimeipata kazini, nikigonga mihuri. Kwetu hakuna anayemruka mkubwa wake. Barua ya mdogo kwenda kwa mkurugenzi huandikwa "kupitia kwa" mkuu wake, naye huisoma na kutia saini ndipo ipande. Heshima kwa mamlaka ndiyo hiyo! Mungu mwenyewe hapendi fujo. Nimechora ngazi, nikaibandika ukutani sebuleni: juu kabisa Mungu, kisha mimi, kisha mama, chini Chiriku. Kila ombi liandikwe na lipande kwa zamu. Nimemfungulia jalada, nikampa na muhuri wa IMEPOKELEWA ambao ofisini walikuwa wameutupa. Mke wangu ameitazama ngazi. Akasema mwandiko ni mzuri.

Jumatano, 5 Machi

Maajabu! Barua nne kabla ya chai ya asubuhi. Moja ya kuongezewa sukari, kupitia kwa Mama. Nyingine ya kuuliza samaki waliadhibiwaje wakati wa gharika, maana maji wao wanayapenda. Tarehe kona ya kulia, namba ya kumbukumbu, mstari umepigwa kwa rula. Kazini nina vijana wawili wenye vyeti ambao hawajawahi kuweka namba ya kumbukumbu bila kukumbushwa. Machozi yamenilengalenga. Nimezijibu zote na kuchelewa kazini.

Jioni nimechungulia kwa seremala. Alikuwa anawaamrisha wanawe kwa filimbi. Maskini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekutana na mchungaji njiani. Akanisifia seremala kwamba anafunga na kusali mpaka Jumamosi. Ulimi hauna mfupa: nikajikuta nasema hata mimi nafunga. Kufika saa kumi nilikuwa naona nyota. Nikajifungia chumbani na pakiti ya biskuti. Chiriku akabisha hodi. Nikamjibu, mdomo umejaa, kwamba nina mazungumzo na Bwana. Akaondoka kwa adabu. Utii huo!

Ijumaa, 7 Machi

Jambo la kushangaza. Mke wangu humwambia Chiriku neno moja tu, bila barua, na mtoto ameshanyanyuka. Nimemwuliza siri yake. Akasema yeye akimkosea mtoto humwomba msamaha. Juzi alimsingizia kuvunja kikombe, akamwangukia. Nimelitafakari sana. Nadhani siri ni sauti. Ana sauti nzito kidogo. Nimefanya mazoezi bafuni.

Aliniambia pia kwamba kuna barua mpya kwenye jalada inayosubiri saini yangu. Nitaiona kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Mchungaji alianzia kwa seremala. Aliwauliza wale vijana jambo dogo tu, wanampenda Yesu kwa nini. Wakamtazama baba yao, wakisubiri filimbi. Nilisikia kila kitu kutoka dirishani. Nikajua nimeshashinda.

Kwetu Chiriku akasimama, akamwamkia, akavuta kiti. Nilivimba kichwa. Nikamwonyesha mchungaji ngazi, kisha nikamkabidhi jalada zima, nikamwambia asome popote apendapo. Mimi, karani wa miaka kumi na tisa, nikatoa jalada bila kusoma barua ya juu! Mchungaji akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Kwa Mungu, kupitia kwa Baba, kupitia kwa Mama. Yahusu biskuti za Baba. Naomba umsamehe Baba. Alisema anaongea na wewe lakini nilisikia pakiti. Alikuwa na njaa tu. Ni baba mzuri, anajibu barua zote. Wako mtiifu, Chiriku."

Chini, mke wangu alikuwa ameandika: "Naunga mkono ombi."

Nilitamani ardhi inimeze. Na papo hapo nilitamani niipeleke ile barua ofisini niwaonyeshe watu: namba, tarehe, saini, hakuna kosa hata moja! Mchungaji akamwuliza Chiriku nani kamfundisha kuwaombea wengine msamaha. Akasema Mama. Kisha mtoto akanigeukia, akauliza kama amekosea ngazi. Nikamwambia hapana mwanangu, hujakosea popote. Hilo lilinitoka moyoni.

Jumapili, 9 Machi

Matokeo yametangazwa. Si mimi. Si seremala. Ni mke wangu! Mchungaji amesema kuna nyumba moja aliyoiona inasimamiwa vyema, na anamjua anayeisimamia. Nimepiga makofi mpaka viganja vikawaka. Anastahili, mwanamke yule.

Nyumbani akaniambia ile barua ya biskuti bado inangoja, na pengine kwanza nimwombe Chiriku msamaha. Kwa mdomo tu. Nimemweleza taratibu kwamba mambo hayaendi hivyo. Nimeandika ombi la msamaha kwa Chiriku, kupitia kwa Mama, nakala kwa mchungaji. Nimesimama mlangoni mwake robo saa nikisubiri. Amelisoma, amegonga muhuri, amenirudishia: sikuweka tarehe.

Mtoto ameiva! Siku sita tu, na ananitii kabisa. Kesho nawafungulia majalada wana wa seremala.