Dume au Jike: Mbwa wa Shangazi

Jumatatu, 3 Juni

Nimejidunga sindano tena, kidole kilekile. Hii si bahati mbaya, hii ni giza. Cherehani yangu iko chini ya ngazi, kwenye korido, na taa ya korido huwashwa na wapangaji wa juu wanapojisikia. Pembeni tu hapo kuna chumba cha kona. Madirisha mawili, mlango wa barabarani, mwanga mpaka jioni. Kitupu! Mwenye nyumba ni shangazi wa mke wangu, anakaa ghorofani, na amesema atakitoa kwa mmoja wetu: mimi au shemeji yangu. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, fundi redio, mtaa mzima unamwita Waya. Yuko upande wa pili wa ngazi na moshi wake wa kulehemu unaingia kwenye nguo za wateja wangu.

Shangazi hajaamua kwa sababu hana raha. Kijibwa chake kimekufa kwa uzee na tangu hapo hashuki hata uani. Basi nikawaza. Mkono mtupu haulambwi. Nitampelekea mbwa mwingine! Nesi mstaafu nyuma ya soko ana wawili wa aina ileile, wadogo, manyoya marefu, hawajatimiza mwaka. Ndugu wa tumbo moja. Dume na jike.

Mke wangu akasema nipande ngazi nikamuulize shangazi anataka nini. Nikamwambia zawadi haiulizwi. Akanitazama kama anavyoutazama ule mlango wetu usiofungika.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya utafiti. Mteja mmoja kaapa kwamba dume hukojolea kila chenye miguu, na cherehani ina miguu. Muuza duka wa mkabala kasema afadhali dume, maana jike akiingia joto madume wote wa mtaa watahamia mlangoni. Nimewashukuru wote wawili. Nimebaki palepale.

Nikaenda kwa daktari wa mifugo. Akasema kwa mbwa wadogo namna hiyo udume na ujike si hoja kubwa, kila mbwa ana tabia yake, na wote wanaweza kufanyiwa upasuaji wasizae. Akasema nikae nao chini, nione yupi anakuja mwenyewe. Kisha akauliza kama huyo shangazi yuko tayari kwa mbwa mwingine. Mtu unampa swali la majibu mawili, yeye anakuongezea maswali. Na huyu amesoma.

Nimepata suluhisho mwenyewe. Nguo haichukuliwi bila kujaribiwa. Mbwa je? Nesi kanuna, lakini kanipa jike kwa majaribio.

Jumatano, 5 Juni

Jike nimempima shingo, kifua na mgongo, kama mteja yeyote. Akatulia kabisa. Mtoto wa heshima. Akalala juu ya kitambaa cha suti ya bwana harusi, nikamwacha.

Kosa. Nilipogeuka alikuwa amekula futi yangu ya kupimia. Si yote, inchi kumi na mbili za mwanzo. Sasa futi yangu inaanzia kumi na tatu. Nikasema si neno, nitakuwa natoa kumi na mbili kichwani. Bwana harusi akaja kupimwa suruali na mimi nikasahau kutoa. Jioni akajaribu. Suruali ikafunika viatu, ikaendelea. Mama yake akauliza kama tunamshonea mtu mmoja au wawili.

Kwa hiyo, dume. Nimemrudisha jike kwa nesi, nikapewa dume naye kwa majaribio. Mlangoni jike akageuka akanitazama. Niliumia, na sikutarajia kuumia. Mke wangu kanikumbusha kuwa mchagua nazi hupata koroma. Nikamwambia asichanganye mambo.

Alhamisi, 6 Juni

Dume ni mchangamfu, hana siri, anampenda kila mtu. Hapo ndipo penye ubaya. Anampenda hadi Waya! Nimemwita mara nyingi, akabaki amelala juu ya miguu ya Waya akisikiliza redio. Nilipomchukua kwa nguvu akakojolea koti la bwana harusi. Jeusi, kwa bahati.

Nikafanya uamuzi wa mwisho: jike. Nikakimbia kwa nesi, dume kwapani. Nesi akasema jike amechukuliwa asubuhi na kijana mwenye vidole vilivyoungua, ananuka moshi.

Waya! Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu. Nesi akaongeza kuwa mbwa si mashati ya kuvaa na kuvua, nimchukue dume moja kwa moja au nimwache na nisirudi. Nimemchukua. Njiani nilikuwa na hasira hata nikapita nyumbani bila kuingia.

Ijumaa, 7 Juni

Mambo yameharibika. Mke wangu katoka kwa shangazi na habari, tena kaitoa huku anakunja nguo, kama jambo dogo. Shangazi amesema maisha yake yote amefuga majike tu. Dume hajawahi kuingia kwake.

Mimi nina dume. Waya ana jike. Kesho mchana wote tumeitwa kwa chai, na chumba kitatolewa hapohapo. Nikaona miaka yangu iliyobaki chini ya ngazi, ninatunga uzi kwa kupapasa.

Kisha nikajiuliza mimi ni nani. Mimi ni fundi cherehani! Nimeshona sketi ya marinda, kiunoni lastiki, pindo limeshuka hadi magotini. Na utepe wa kichwani. Dume akasimama wima kujaribiwa. Kwa kweli anapendeza. Mke wangu akauliza ninafanya nini, nikamweleza yote. Akaketi. Akasema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, kumbe mume wake yeye humvalisha mbwa.

Jumamosi, 8 Juni

Waya na mimi tulikutana mlangoni kwa shangazi, kila mtu na mbwa wake kwapani. Hatukusalimiana. Shangazi akafungua, amekonda, kajifunga khanga ileile ya wiki nzima, akatuketisha kwenye chai, mke wangu akiwa ameshafika. Nikawahi kusema nimemletea binti. Waya akasema binti wa kweli ni huyu wake. Shangazi akampokea wangu, akamgeuza tumbo juu, akafunua marinda, akatazama, akamrudisha wima. Yote hayo bila kuacha kukoroga chai.

Akauliza nani kashona. Nikasema mimi. Akasema mshono mzuri. Kisha akaanza kucheka. Akacheka hadi akashika meza, machozi yakamtoka, na mke wangu akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hajamsikia akicheka tangu mbwa wake afe. Nilitamani kulia na sijui kwa nini. Nilikuja kupata chumba, si kulia.

Wakati huo wale ndugu wawili walikuwa wameonana. Walirukiana, wakabiringishana, sketi ikabaki kwenye mguu wa kiti. Halafu wakalala wamejikunja pamoja, huwezi kujua mguu ni wa nani. Shangazi akasema haya, hawa hawatengani, anawachukua wote wawili, na dume ataanzia kwa daktari. Waya akanitazama. Nikamtazama. Tumeshinda wote! Nikafikiri pengine tutagawana.

Shangazi akaendelea. Mbwa wawili wadogo namna hii hawawezi kupanda na kushuka ngazi kila wakati, migongo yao itaumia. Wanahitaji chumba cha chini. Chenye mwanga. Chenye mlango wa karibu.

Wamepewa chumba cha kona.

Jumatatu, 10 Juni

Mbwa wamehamia. Waya kabeba godoro lao, mimi nimebeba mabakuli. Shangazi anashuka kila saa kuwaona, amevaa nguo mpya, anaimba. Vizuri. Nafurahi kwa ajili yake, kweli nafurahi, lakini nafurahi nikiwa gizani.

Mchana kaniita. Kasema mwanga wa madirisha yale unawasumbua wanapolala. Niwashonee pazia. Zito.

Nimelishona chini ya ngazi. Waya akasogeza taa yake ya kazi upande wangu, tukafanya kazi hivyo hadi jioni. Si mtu mbaya, Waya. Moshi wake ndio mbaya.

Jumanne, 11 Juni

Mke wangu kaja na jambo. Anasema shangazi ana furaha siku hizi hata hakatai kitu. Chumba cha kona ni kikubwa, kinaweza kutiwa ubao katikati, mbwa upande mmoja na sisi mafundi upande wa pili. Anasema nipande tu ngazi, nikae, nimuulize. Ndivyo anavyosema: muulize. Mwanamke huyu ni mwema, lakini mikakati hana.

Shangazi akiombwa atasema ndiyo au hapana, na hapana siwezi kuistahimili. Afadhali mbwa wenyewe waombe kuhama. Nimekaa nikafikiri, nikagundua udhaifu wao. Mbwa wa kimo kile wanaogopa paka. Aingie paka mmoja tu, apite dirishani, akae, awakodolee macho. Ndani ya wiki watakuwa wanalala ghorofani kitandani kwa shangazi, na chumba kitabaki wazi, na hakuna atakayesema ni mimi.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Muuza duka wa mkabala ana paka wawili anaotaka kuwagawa. Dume, anasema, ni mkali lakini hupotea siku nzima. Jike hutulia, ila hasamehi.

Nimemwomba nianze na jike, kwa majaribio.