Vitu Saba vya Lazima Ufukweni

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Uonevu mtupu! Mhariri kaniita asubuhi na kuacha mlango wazi makusudi, ofisi nzima isikie. Wasomaji wa jarida wanaulalamikia ukurasa wangu wa mapumziko. Eti kiti nilichokisifia kinabana vidole. Eti kitabu kinaleta usingizi. Akaniuliza kama nimewahi kukikalia hicho kiti. Swali gani hilo? Miaka tisa naandika kuhusu ufuko bila kulowesha unyayo, na hakuna aliyewahi kuona chembe ya mchanga kwenye sentensi zangu.

Hukumu: siku nne ufukweni na vitu vyangu vyote saba, pamoja na kile kitabu nilichokisifia, kisha niandike ukweli. Nikishindwa, ukurasa anapewa Kamera. Huyo ni binti anayetupigia picha. Ana mwaka mmoja kazini na ananiita mzee. Tunakwenda naye! Nilipomweleza mke wangu msiba huu, aliuliza tu nani atafagia mchanga nikirudi.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimetua ufukweni nikiwa nimekamilika. Kofia pana ya ukili, miwani mikubwa, suruali nyeupe ya kitani, sandali za kamba za dhahabu, mkoba wa kusuka, mwavuli wenye matamvua, kiti cha kukunja chenye vipini vya shaba. Watu waligeuza shingo.

Kofia iliondoka na upepo kabla sijakaa. Shaba ilikuwa imeshika joto la jua, viganja vyangu vimebabuka. Mkoba unaingiza mchanga na kutoa funguo. Wimbi moja tu likanipiga kiunoni, na ile suruali ikaanza kutangaza siri zangu kwa kila mpita njia. Kamera alikuja na kaptula, taulo kuukuu na chupa ya maji. Hakuupumzisha mkono kunipiga picha. Mchawi mkubwa!

Na kitabu je? Jaladani kuna mwanamke anatazama bahari, ndiyo sababu nilikichagua. Ndani, karani wa forodha anasubiri mhuri. Ukurasa wa tisa bahari inaonekana dirishani. Ukurasa wa kumi dirisha linafungwa. Na mimi niliandika kwamba kitamshika msomaji koo! Kwa nini mwandishi hakujitahidi ili maneno yangu yawe kweli?

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Balaa. Jirani yangu ufukweni ana mwavuli kama wangu. Na kiti. Na kofia, ila yake kaifunga kidevuni kwa bendeji. Ni muuguzi mstaafu, hii ni likizo yake ya kwanza ya maana, na kanunua vyote saba. Kidole chake cha shahada kina plasta. Kiti hicho.

Nilimpa shikamoo. Akaitikia vizuri, akatoa ukurasa wangu mkobani na kuniuliza kama namfahamu bwana mwenye picha ile, maana ana maneno naye. Picha ni ya zamani, nilikuwa na nywele. Nikajikausha. Nikasema simjui, mimi ni daktari wa meno.

Alifurahi mno. Akaachama papo hapo. Nilichungulia, nikaguna kidaktari, nikamshauri asukutue kwa maji ya chumvi. Kamera alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Mpango kabambe: kuujua mwisho wa kitabu bila kukisoma. Muuguzi ni mtu wa nidhamu, lazima kakimaliza. Nikaenda kulikagua jino, nikamdodosa kijanja. Kumbe kakwama ukurasa wa sitini. Kila asubuhi anaanza upya, akidhani kasoro ni yake, kwamba shule yake haikutosha. Hilo liliniuma. Nikalipuuza.

Akasema labda mimi msomi nitamwelewesha, akanisomea sifa za yule bwana: kitabu kitakushika mpaka mwisho.

Hapo uvumilivu ukanishinda. Kaliruka neno koo! Nikamsahihisha bila kutazama karatasi: kitakushika koo mpaka neno la mwisho, kama wimbi lisilokubali kurudi nyuma. Sentensi iliyonigharimu asubuhi nzima, halafu mtu anaikatakata tu!

Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akakitazama kipara.

Angenifokea ningejitetea. Hakufoka. Aliniita mwanangu, akauliza kama nilikisoma. Nikasema nilikipitia. Akauliza nilifika wapi. Nikasema jaladani.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Kaniadhibu. Nimekaa juani kwenye kiti changu, ndani ya suruali yangu, nikamsomea kwa sauti kuanzia pale alipokwama. Wenye miavuli yenye matamvua kama yangu wakaanza kusogea karibu. Kumbe tuko wengi! Nilisoma mpaka sauti ikakauka. Mhuri haugongwi! Karani anastaafu, kitabu kinaisha! Muuguzi akacheka mpaka machozi, akasema kumbe akili zake ni nzima. Kisha akaniapisha: nisisifie tena kitu ambacho sijakitumia. Nikaapa, mkono kifuani. Nilimaanisha kabisa.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Dhuluma! Mhariri kaona picha zangu za suruali, kacheka, na ufuko wote kampa Kamera. Mimi nimeachiwa milima. Milima! Machozi yalinilengalenga mbele za watu, na sioni aibu kuandika hivyo.

Mchana Kamera kaniletea ujumbe. Muuguzi na wenzake watapanda mlima mwezi ujao. Anasema kwa kuwa niliapa, sasa ananiamini, na hatanunua kitu mpaka nimwambie mimi.

Nimeguswa sana. Imani ya namna hiyo haisubirishwi, na mlima unachukua siku kadhaa kuupanda. Kwa hiyo nimeketi mara moja na picha za matangazo. Nimemchagulia buti za ngozi laini, rangi ya maziwa, zenye visigino vyembamba. Zinapendeza! Kitabu pia nimepata, kinene, jaladani kimejaa theluji. Nimeandika kwamba kitampasha moto mpaka kileleni.