Mpira Wangu Unakata Kulia

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mzee Muhidini kasema kila anayejifunza gofu aandike jioni mpira wake umerukaje. Haya. Umeruka vibaya. Nimemaliza.

Hapana, niandike vizuri, moyo unaniwaka.

Mzee Muhidini kakata majani kwenye kiwanja cha gofu Dar miaka thelathini. Kastaafu, karudi kwao hapa Dimani, na badala ya kufuga mbuzi kama wastaafu wenzake, kachimba mashimo matatu kwenye shamba lake la mikorosho. Kila shimo kalitia kopo la nyanya. Ana fimbo nne za chuma na mipira thelathini. Sasa watu wake wa Dar wamempigia simu. Wanataka mtu mmoja akafundishwe miezi sita, ale huko, alale huko, akitoka awe mwalimu wa gofu. Mmoja tu! Mtihani Jumamosi ya tarehe 21. Mipira kumi kila mtu. Lengo ni turubai la kuanikia mpunga, kalitandika hatua mia na ishirini kutoka tunapopigia. Anayetua mingi kwenye turubai ndiye anayekwenda.

Nafasi hiyo ni yangu. Mimi Badru nimeuza vocha, nimeuza miwani ya macho, nimeuza kuku wa kisasa kwa jina la kienyeji. Nina miaka thelathini na moja. Ualimu wa gofu ndiyo kazi pekee ambayo sijaiharibu, kwa kuwa sijaianza.

Sasa mtihani bila mpinzani unaonekana wa magumashi, nikamleta Nassibu. Nassibu mtani wangu, Mmatumbi, mimi Mndengereko. Tumetukanana tangu tunaota meno na kununa hairuhusiwi. Ni mkulima tu, fimbo ya gofu hajawahi kuiona. Nilimchagua makusudi, kama mtu mfupi anavyotafuta mfupi zaidi wa kupiga naye picha.

Kapiga mpira wa kwanza. Ukanyooka! Ukapanda, ukatulia huko juu kama mtu aliyefika kwake, ukashuka kando ya turubai. Mzee Muhidini kasema mashaallah.

Kwangu hajawahi kusema mashaallah. Kwangu husema lahaula.

Wangu ulianza safari ya Mohoro, njiani ukabadili mawazo, ukakata kulia kwenda Utete. Umetua kwenye muhogo wa Bi Tabu, jirani. Bi Tabu kapaza sauti kuuliza kama tunawinda au tumerogwa.

Jumanne, 10 Juni

Mzee kagundua ugonjwa wangu. Kasema mikono yangu ni mikono ya fyekeo.

Kweli bwana. Kila msimu wa kusafisha mikorosho nafyeka mashamba ya watu. Fyekeo unalitoa nje, unalivuta kuja kwako, unafuta chini. Majani yanalala. Mpira haulali. Ukiufyeka hivyo unazunguka kama pia na kukimbilia kulia. Kasema nibadili vyote: mshiko, mabega, kiuno. Nikamuuliza kipi kinabaki. Kasema abaki Badru tu, na huyo naye tutamwangalia.

Nikauliza mbona Nassibu naye anafyeka na mpira wake unanyooka. Mzee kacheka. Nassibu ni mtu wa shoto! Fyekeo analishika kwa kushoto. Fimbo za Mzee zote ni za mkono wa kulia. Kwa hiyo upande huu Nassibu hana tabia mbaya, hana tabia yoyote. Yaani mimi naadhibiwa kwa uchapakazi. Mikono isiyofanya kazi ndiyo inayosifiwa!

Nimebadili mshiko. Mipira minne imetambaa chini kama kenge. Wa tano umepanda wima, ukanirudia. Nimekimbia.

Nassibu kasema Wandengereko ndio kabila pekee linalokimbizwa na mpira wake lenyewe. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Sheria ya utani haina huruma.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango!

Nassibu kanifuata kwangu. Kasema katika mipira mitatu mmoja unamponyoka kwenda kushoto, hajui kwa nini. Kaniomba nimtazamie kwenye simu, maana mimi nina simu janja, yeye ana kitochi. Nikaangalia simu kwa muda mrefu, uso wa kisomi. Nilikuwa naangalia bei ya mitumba.

Nikamwambia wataalamu wanasema: kofia. Vua barakashia yako, ibane kwapani mkono wa kushoto, piga bila kuidondosha.

Hebu fikiria. Mtu mzima kabana kofia kwapani kama anaficha kitumbua, halafu azungushe chuma! Hawezi hata kuua nzi. Nikamwambia iwe siri yetu, Mzee asijue. Kanishika mkono kwa mikono miwili, kanishukuru. Kaniita ndugu yangu. Nilijisikia vibaya kidogo, nikala chungwa, ikapita.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya swala tumekwenda shambani. Nassibu kavua barakashia, kabana kwapani. Nikakaa vizuri nitazame.

Mipira tisa kati ya kumi imenyooka.

Tisa! Ule wa kushoto haupo tena. Mkono haumtoki mwilini, unazunguka na kifua, kila kitu kinakwenda pamoja kama mlango na bawaba. Mzee kasimama, kavua miwani, kaifuta, kavaa, katazama tena. Mashaallah mara tatu. Nimehesabu.

Nami nikabana kofia nyumbani. Kofia ikaruka mbali kuliko mpira.

Jumapili, 15 Juni

Mpango wa pili. Nimemwambia Nassibu kofia ni darasa la kwanza tu. Darasa la pili: miguu ibanane, kisigino kwa kisigino, kama bibi harusi kwenye picha. Nikahesabu ataanguka. Mtu yule ana miguu kama mchi wa kinu, akipoteza mizani tutamwokota kwa mkokoteni.

Mimi nikafanya kinyume. Nikatanua miguu kabisa nipate nguvu, kama mtu anaruka mfereji. Nikavuta fimbo nyuma, nikashuka nayo kwa hasira zote za wiki.

Suruali yangu ya Idi imechanika kuanzia mbele mpaka nyuma. Mpira umekata kulia.

Bi Tabu alikuwa palepale muhogoni, kajifunika uso kwa kanga, lakini kwa kidole kimoja kaacha dirisha. Nassibu kapaza sauti: Mndengereko, umekuja kucheza au umekuja kujifungua, tukuitie mkunga? Nikamjibu kwamba Wamatumbi huanguka toka milimani kwao wangali watoto, ndiyo maana akili zimelegea. Tukacheka wote. Mimi nilicheka nimekaa chini, kwa sababu za suruali.

Zamu ya Nassibu, miguu imebanana. Hakuanguka. Hakuyumba hata! Kasema sasa anausikia uzito wa fimbo, hauvuti kwa nguvu, anauachia tu. Mipira sita imetua kwenye turubai. Uongo wangu mwenyewe unamfanyia kazi mtu mwingine.

Jumanne, 17 Juni

Leo niandike polepole.

Nimekwenda mapema, peke yangu na Mzee. Nassibu alikuwa anavuna mpunga bondeni. Mzee kaniambia nisipige mpira, nipige hewa. Nusu mkono, taratibu, mara hamsini. Kisha kaweka mpira mbele yangu bila kuniambia, nami nikapiga hewa ile ile, mpira ukawa katikati yake.

Ukanyooka.

Sauti yake ni nyingine. Haigongi. Inasema tu "tak", kama mtu kafunga sanduku zuri. Mikononi husikii kitu. Ukapanda juu ya mikorosho, haukukata kulia, haukukata popote, ukatua kwenye turubai. Nikapiga mwingine. Vilevile! Mzee hakusema mashaallah, hakusema lahaula. Kanigusa bega. Kasema: hivyo hivyo Badru, usiongeze kitu, ukibaki hapo hapo Jumamosi nawe umo.

Miaka yote hii hakuna mtu aliyeniambia nibaki nilipo. Huniambia niondoke.

Halafu Nassibu kaja, ana makapi ya mpunga kichwani, kapiga mmoja. Ukapita turubai kwa hatua kumi.

Sasa mimi nikae na nusu mkono wangu na yule anapitiliza? Nikaongeza kitu. Nikaongeza mkono mzima, bega, na chuki. Kulia, muhogoni. Mzee kaondoka zake kunywa chai.

Bi Tabu katuma salamu: ana mipira yangu kumi na mmoja kwenye ungo, atairudisha nikimpalilia muhogo. Nimempalilia. Kwa mtindo wa fyekeo lazima niseme mkono wangu ni dhahabu.

Jumatano, 18 Juni

Mpango wa tatu, wa mwisho, hauna tundu. Anapitiliza, sivyo? Basi nimempunguza. Nimemwambia Nassibu kwenye simu wanasema piga kama unamfukuza kuku wa jirani kwenye mpunga wako: usimuumize, mwenye kuku anaangalia. Nikajua mpira utadondoka nusu ya njia.

Kapiga taratibu. Umetua katikati ya turubai. Wa pili pale pale. Wa tatu umeugonga wa pili.

Wangu umekwenda kushoto! Nilifurahi mno, nikamkimbilia Mzee nikamwambia kulia kumepona. Kasema hapana, sasa nina magonjwa mawili.

Jumamosi, 21 Juni

Mtihani.

Watu wamejaa, nusu ya kijiji, wamekaa chini ya mikorosho na wengine hawajui hata tunafanya nini. Bi Tabu kaleta kiti chake upande wa kulia, kasema hapo ndipo mchezo wangu unapochezewa.

Nilikuwa na silaha moja. Mtani ana haki ya kukunyang'anya kitu, nawe huruhusiwi kudai. Nassibu alipofika tu nikamvua barakashia kichwani, nikaikalia. Nikatangaza kwamba Wandengereko tumeitaifisha. Watu wakapiga vigelegele. Nikajua bila kofia kwapani kwisha habari yake.

Mimi nikaanza. Mpira wa kwanza nilipiga nusu mkono, kama Jumanne. Tak! Turubai. Nikamwona Mzee anaitikia kwa kichwa kidogo kidogo: hivyo hivyo. Wa pili, turubai. Wa tatu, turubai. Nilisikia Dar inaniita kwa jina la babangu.

Nikamwangalia Nassibu. Alikuwa anatabasamu. Anatabasamu nini? Mtu anashindwa, anatabasamu! Nikaona lazima nimfute lile tabasamu, nilipitilize turubai kwa hatua ishirini.

Mipira saba iliyobaki sitaki kuiandika. Mmoja Bi Tabu kaudaka bila kuinuka kwenye kiti.

Nassibu kasimama kichwa wazi. Kwapa halina kitu, na mkono haukutoka mwilini hata nukta. Ulishazoea. Kofia haikuwa na kazi tena! Nane kati ya kumi.

Mzee kamtangaza. Nassibu akaomba kusema neno. Kasema kila alichonacho kafundishwa na mtani wake Badru: kofia, miguu, kuku wa jirani. Kasema aliambiwa iwe siri lakini ataondokaje na deni la shukrani. Watu wote wakanigeukia. Macho ya Mzee yalikuwa yanameremeta.

Hapo nikapasuka. Nikasimama mbele ya kijiji nikasema ukweli, haki ya Mungu, wote. Nikasema nilimdanganya. Kwenye simu sikuangalia chochote. Nilitaka aharibikiwe, aanguke, achekwe, mimi niende. Nikasema namwonea wivu tangu mpira wake wa kwanza, na hata sasa hivi. Nikasema nafasi haikupatikana kihalali, tuanze upya.

Nassibu kaanza. Kacheka mpaka kapiga magoti. Bi Tabu kacheka, kiti kikalala naye. Kijiji kizima kimelala chini. Mzee Muhidini anafuta machozi, anasema huu ndio utani wa asili, vijana wa sasa hawaujui, mtu anampa mwenzake riziki halafu anajitukana ili asishukuriwe. Nikasema kwa herufi kubwa kwamba sitanii. Wakacheka upya. Nassibu kanikumbatia, kaninong'oneza kwamba hajawahi kutukanwa vizuri hivi.

Jumatatu, 23 Juni

Nassibu kaondoka jana kwa basi. Nilimsindikiza stendi Kibiti. Nilibeba begi lake. Sijui kwa nini nilibeba begi lake.

Asubuhi Mzee kaniita. Kasema yeye anajua kukata majani na kuona kosa, lakini dawa za kosa hajui mimi nazitoa wapi, ni kipaji. Kuna vijana wanne wanataka kujifunza, anataka niwe mwalimu wao hapahapa. Mwalimu wa gofu! Nikamwambia nitafikiria. Mwalimu wa mikoroshoni. Mwenzangu yuko Dar kwenye majani ya kumwagiwa maji kwa bomba.

Mchana kapiga Nassibu. Walimu wa huko wamemtazama wakaulizana nani kamtengeneza mtu huyu. Kataja jina langu. Wamesema wangependa siku moja kuniona. Nikauliza wao wanapiga mbali kiasi gani, na yeye wamemsifia mara ngapi. Kasema mara nyingi. Mara nyingi!

Halafu sauti ikapoa. Kasema ana tatizo. Watu wengi wanamtazama, anaushika mpira kwa macho kupita kiasi, mwili unakakamaa, kesho ana jaribio mbele ya wakubwa. Kaniomba ushauri wa mwisho, ndugu yangu.

Nikamwambia asubiri nitazame kwenye simu. Nikatembea kidogo chini ya mikorosho. Damu ilikuwa inachemka kwa furaha. Nikamwambia wataalamu wote wanakubaliana: afumbe macho. Afumbe kabisa, asikilize pumzi yake, apige.

Kanishukuru mpaka salio likaisha.

Safari hii hachomoki. Nimepita kwao kumwambia mama yake asigawe kitanda, mwanawe anarudi wiki hii. Mama kacheka sana. Kasema ninyi watani, ninyi!