Jinsi Nilivyokuza Pato la Taifa

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kitengo chetu cha takwimu anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti chake nakitaka kufa na kupona. Kina magurudumu. Mpinzani ni mmoja tu: Miwani, wa meza ya pili, mtu wa kuhakiki kila hesabu mara tatu. Mkurugenzi amesema Ijumaa kila mmoja wetu alete mchoro wa ukuaji wa pato la taifa kwa miaka ishirini. Atakayemridhisha ndiye mkuu mpya. Roho haitulii. Nimechonga penseli tano, sijaandika kitu.

Jumanne, 4 Machi
Mchoro wangu umelala kama mgonjwa. Asilimia nne, nne, tano, nne. Nani atampa cheo mtu wa asilimia nne? Nimemchungulia Miwani. Naye ana nne, na anapiga mluzi.

Nikafungua kabati la majedwali mapya. Humo, kuanzia mwaka jana, tunahesabu hadi washonaji, wasusi na mafundi baiskeli, ambao majedwali ya zamani hayakuwatambua. Nikachukua miaka kumi na tisa ya zamani, mwishoni nikaunganisha mwaka mmoja mpya. Mstari ukapaa! Asilimia thelathini na mbili kwa mwaka mmoja. Imebidi nigandishe karatasi ya pili kwa juu.

Jumatano, 5 Machi
Miwani ameuona. Eti majedwali hayo hayaunganishwi hivi hivi. Eti kwanza wasusi na wenzao wahesabiwe hata katika miaka ya nyuma, ndipo nilinganishe. Nikamwambia aache wivu. Kutwa nimehangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Jioni nikapita kwa shangazi, msusi, aliyenilea. Nikampa habari njema: mwaka jana ameingia kwenye pato la taifa. Akamaliza kusuka kichwa alichokuwa nacho, kisha akaniuliza, kwani miaka yote aliyonilipia ada alikuwa anasuka upepo? Nikasema hayo ni mambo ya kitaalamu. Hakunikaribisha chai. Imeniuma, nakiri.

Alhamisi, 6 Machi
Nilitaka kurekebisha. Kweli nilitaka. Nikamrudisha shangazi na wenzake katika miaka yote ishirini. Mstari ukashuka palepale: asilimia nne. Nikakitazama kile kiti. Nikamtoa tena shangazi. Anisamehe.

Ijumaa, 7 Machi
Mkurugenzi aliutazama mchoro wangu kwa muda mrefu. Matumaini yakanijaa. Akauliza mwaka jana tuligundua dhahabu wapi. Nikasema wananchi walichapa kazi. Akanikumbusha kuwa mwaka jana umeme ulikatika miezi mitano, na ofisi hii ilifanya kazi kwa mwanga wa dirishani. Nikasema labda wananchi nao wana madirisha.

Kiti amepewa Miwani. Mimi nimepewa kazi ya kuwarudisha washonaji, wasusi na mafundi baiskeli katika miaka yote ya nyuma, mmoja mmoja. Miwani atahakiki. Mara tatu.

Jumatatu, 10 Machi
Siku mbili sijatulia, nazunguka sebuleni. Leo asubuhi nimegundua kosa langu. Thelathini na mbili ni namba nzima mno. Inaonekana kama ya kubuni. Watu huamini nukta. Mwakani napeleka thelathini na mbili nukta saba.