Kipande Namba 10,007 Kinaninyima Mke

Mhunze, Kishapu
9 Agosti 1953

Kwa Bwana Msimamizi wa Vipande,
Mgodi wa Dhahabu, Geita

Bwana Mheshimiwa,

Shikamoo. Mimi ni Bujiku Mageni, mchimbaji wako, niko huku likizo. Nakuandikia kwa adabu zote ingawa moyo unachemka, kwa sababu namba 10,007 mliyoigonga kwenye kipande changu cha bati ninachovaa shingoni inaninyima mke.

Nimekuja kumposa Limi, binti wa Mzee Maduhu. Zamani mzee angempasua kuku, na mfumu, mganga wetu wa kupiga ramli, angeyasoma matumbo yake na kusema kama mchumba anafaa. Sasa mzee amebatizwa na padri amekataza kuku. Lakini mchumba hawezi kupita hivi hivi bila kitu kupasuliwa, basi katekista Pantaleo akaombwa aipasue namba yangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Namba haikupasuka. Pantaleo aliigawa kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, zikabaki mbili. Kwa saba, zikabaki nne. Aliendelea mpaka chaki ikamwishia, akatangaza kwamba inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Mzee Maduhu akasema mwenye namba hiyo ni mchoyo, hatawagawia wakwe hata mkia wa mbuzi.

2. Jioni ile sikupewa fungu la nyama, eti asiyegawanyika hagawiwi. Iliniuma sana, maana mbuzi mwenyewe nilimleta mimi.

3. Pantaleo anasema namba kaidi za namna hii hazina mwisho. Hata mkiajiri watu hadi kiama, zitazidi kujitokeza. Na nyinyi mnawavisha namba hizo vijana ambao hawajaoa!

Naomba nipewe 10,080, ambayo inagawanyika kwa kila namba toka moja hadi kumi bila kubaki kitu. Anayo Athanas wa karakana, naye haihitaji, kwani amekwisha kujigawa: ana nyumba Geita, ana nyumba Runzewe, na ya tatu anaitafuta.

Ikishindikana, nisogezeni mbele kwa moja, niwe 10,008. Mwenye hiyo awe 10,009. Pantaleo ameijaribu, nayo ni kaidi vilevile, lakini jamaa huyo ana wake wawili tayari, haitamdhuru. Wengine wote nyuma yake wasogee hivyo hivyo hadi mtu wa mwisho. Simamisheni uchimbaji kidogo, dhahabu haiozi.

Unisalimie makarani wote, mpishi wa kambi, na wenzangu wa zamu ya asubuhi. Waambie sijambo, isipokuwa kwa upande wa hesabu.

Wako katika utii na masikitiko,
Bujiku Mageni
10,007 (kwa sasa)

Tanbihi: Limi ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Amemwambia baba yake, mbele ya Pantaleo: “Ile ya Athanas inagawanyika kwa kila anayepita. Hii inagawanyika kwa yenyewe na kwa moja. Hiyo moja ni mimi.” Mzee akaniamuru nilete mbuzi mwingine. Stempu nimekwisha kuibandika, kwa hiyo barua inakuja. Lakini tafadhali, Bwana, namba yangu msiiguse.