Ufunguo wa Chumba cha Treni

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa jina la aliyekuzaa: utakayoyasoma yafie kifuani mwako. Usimwambie Mkuu wa ofisi. Usimwambie Dada wa Masjala. Hasa huyo.

Mkuu anastaafu. Katika chumba cha mikutano ana treni yake ndogo ya umeme: reli zimeizunguka meza nzima, injini mbili, kila moja kama kiberiti. Miaka miwili naipangusa mimi. Leo katangaza kuwa Ijumaa saa nne mimi na Dada tutaendesha, kila mtu injini yake. Itakayomaliza mzunguko bila kusimama, mwenyewe atapewa ufunguo wa chumba. Dada ya kijani, mimi nyeusi. Zote zinakwamakwama kama mwenye kwikwi.

Dada ana miezi mitatu tu hapa. Mitatu!

Jumanne, 4 Machi

Nimeipaka injini mafuta ya cherehani. Magurudumu yote, na reli kidogo. Mashine hupenda mafuta, nani asiyejua? Ikagoma kabisa.

Dada akapita na kikombe chake, bisibisi imechomekwa kwenye nywele. Akachungulia.

"Kaka, hii haiumwi. Ina njaa tu."

Akanieleza polepole, kama mtoto wa chekechea: umeme uko kwenye reli, unapanda kwa magurudumu, vibati vya shaba vinavyoyagusa kwa nyuma vinaupeleka kwenye mota. Mafuta na uchafu huziba njia. Akaniazima spiriti na kitambaa. Nikamshukuru. Roho ikaniuma mpaka saa ya kutoka.

Jumatano, 5 Machi

Nimefuta magurudumu. Masizi matupu! Injini ikatembea mzunguko mzima. Nikajiona bingwa, mpaka nilipochungulia masjala. Dada ameilaza yake chali, anakunja vibati kwa kibano viguse magurudumu vizuri. Kisha akaunga waya mwembamba kutoka kwenye mota hadi magurudumu ya behewa la nyuma. Mhudumu wa chai kasimama pale anamsifu. Mimi hajawahi kunisifu hata kwa kurudisha kikombe.

Alhamisi, 6 Machi

Dawa nimeipata: gundi ya bahasha. Ikikauka haionekani, na umeme haupiti. Wenzangu walipokwenda kula nikapaka reli urefu wa kidole, karibu na kituo cha kadibodi. Nikigundulika, sina kazi. Kwa haraka nikajipaka kwenye tai, ikabaki na doa gumu; na tai ninayo hiyo moja.

Mama kaniona jioni natabasamu peke yangu. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sikumwelewa. Kwetu tuna bomba.

Ijumaa, 7 Machi

Ofisi nzima ilikuwepo. Akaanza Dada. Injini ya kijani ikafika kwenye gundi, nikafumba macho. Ikapita! Yenyewe ilikuwa juu ya gundi, lakini magurudumu ya behewa bado yalikuwa kwenye reli safi, yakailisha. Waya ule!

Zamu yangu. Ndipo nilipokumbuka kwamba reli ni hizohizo.

Ikafika. Ikafa. Mkuu akaisukuma kwa kidole, taratibu, kama anayemwamsha mjukuu.

Dada akagusa reli, akanusa kidole. Akaitazama tai yangu kwa muda mrefu. Nikalifunika doa kwa mkono. Akamwambia Mkuu kuna uchafu kidogo hapo, akaufuta kwa spiriti, akaomba nirudie. Ikazunguka yote.

Ufunguo akapewa Dada. Haki yake. Lakini akamwomba Mkuu anichongeshee na mimi.

"Mtu aliyeipangusa miaka miwili asibishe hodi."

Nikaenda maliwatoni kunawa uso.

Jumatatu, 10 Machi

Ufunguo wangu nimeupata. Unafungua vizuri. Ila nimeulinganisha na wa Dada: wake ni wa asili, una kibandiko chenye mwandiko wa Mkuu. Wangu ni wa kuchonga.

Ijumaa wageni wanakuja kumuaga Mkuu, na tutaendesha tena. Kosa langu nimeliona: kidole kimoja hakikutosha. Injini na behewa lake vinahitaji vidole vitatu. Nimenunua chupa kubwa. Injini yangu itapitaje? Hilo nitaliwaza Alhamisi.

Ukitaka kunisaidia, njoo chumba cha treni saa ya chakula. Gonga mara mbili, kohoa mara moja. Akifungua mwenye bisibisi kwenye nywele, sema unatafuta choo.